Bibi Maendeleo wa Buganguzi

Baiskeli ndiyo iliyofika kwanza. Mama yangu, Jovita, hakuwahi kuanza hadithi hii kwa namna nyingine. Ilikuwa mwaka 1962, Uhuru bado mbichi, na wanawake wa Buganguzi walikuwa wameitwa penye jengo la katekisimu wakutane na mtu wa serikali. Walikuwa wameketi chini kwenye nyasi, miguu wameikunja upande mmoja, wakisikia kengele ikilia huko juu kilimani. Mara wakaiona baiskeli inashuka peke yake katikati ya migomba, ikapita mbele yao, ikajibamiza ukutani. Nyuma yake akaja msichana anakimbia, sketi kaishika mkono mmoja na kapu mkono mwingine, majani makavu ya mgomba yamemganda kichwani.

"Milembe, akina mama," alisema huku akihema. "Mimi ndiye Bibi Maendeleo."

Akachungulia ndani ya kapu.

"Na haya yalikuwa mayai."

Walicheka mpaka wengine wakalala kifudifudi. Ni katika kucheka huko ndipo mmoja wao alipomtazama vizuri akasema, "Lo! Si Klaudia huyu, wa Clavery?"

Alikuwa yeye. Kibanja cha baba yake, Clavery, kilikuwa ng'ambo tu ya kanisa, kahawa na migomba kama vibanja vyetu vyote. Clavery alikuwa na wasichana watupu, na majirani walipomsikitikia aliwajibu kwamba Mungu hakumuuliza ushauri, basi na yeye hatauliza wa kwao. Akampeleka Klaudia shule ya masista. Masista walitumaini angebaki kuwa mtawa. Mama yake alitumaini angeolewa. Siku ya kupandishwa bendera alikuwa Bukoba mjini, amebanwa katikati ya umati karibu na ziwa, na alichokumbuka baadaye si hotuba wala ngoma. Alikumbuka mzee mmoja aliyekuwa kando yake, aliyegeuka akamwuliza kwa Kihaya, kwa wasiwasi wa kweli kabisa, "Sasa hawa wazungu wakiondoka, huko kwetu nani ataitisha mikutano?" Idara ya Maendeleo ilipotangaza kwamba inatafuta wasichana waliosoma, Klaudia aliomba. Wakamfundisha, wakampa baiskeli, wakamrudisha kwao.

Somo la siku ile lilikuwa keki. Ndivyo mwongozo ulivyosema: keki ya kuokwa ndani ya debe, makaa chini na makaa juu. Klaudia alijipangusa majani, akaeleza unga, akaeleza sukari, akasema mayai ataleta mengine kesho. Wanawake waliitikia, "Ndiyo, waitu," kwa heshima, kama walivyokuwa wakimwitikia kila mtu aliyetoka Bukoba. Kisha akasimama mwanamke mmoja mrefu, mwenye sauti ya kuita watu walio bondeni.

"Mwanangu, karibu nyumbani," alisema. "Lakini niulize. Hiyo keki inaingia mayai?"

"Yanaingia, mae."

"Hapa kwetu mwanamke hali yai. Hali kuku. Hata senene tunawakamata sisi, tunawanyonyoa mabawa sisi, tunawakaanga sisi, halafu wanaliwa na waume zetu. Sasa serikali imekutoa Bukoba, imekupa na baiskeli, uje utufundishe chakula kingine cha kumwandalia mume?"

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha kuzibia mdomo kwa kanga, maana safari hii hawakujua kama Bibi Maendeleo angekasirika. Klaudia alifungua mwongozo wake. Ulieleza la kufanya keki ikiungua na la kufanya keki isipoumuka. Akaufunga. Akaketi chini kwenye nyasi pamoja nao.

"Basi mae, wewe ungetaka nije na nini?"

"Maji," alisema yule mwanamke, akaketi.

Jina lake Theopista, mke wa Kagaruki. Mkutano ulipokwisha, wanawake wawili watatu walimvuta Klaudia pembeni wakamwonya. Yule achana naye, walisema, ni mgomvi. Aliwahi kumshitaki shemeji yake kwa sababu ya mbuzi mpaka kwa chifu, mwami wa gombolola, na mbuzi akarudishwa. Harusini hakai bila kumrekebisha mwimbaji. Hata padri humpitia mbali.

Klaudia alirudi kwa baba yake akiwa kimya. Clavery alipomwuliza kulikoni, alisema, "Wote waliikubali keki ambayo hawataipika. Mmoja tu ndiye aliyekataa, na akasema kwa nini. Halafu wananiambia nimwache huyo."

Kesho yake asubuhi aliegesha baiskeli nyumbani kwa Theopista.

Habari ya maji ilikuwa hivi. Kijiji kiko juu, kijito kiko chini, na njia ya kwenda kijitoni ilishuka kwenye mteremko wa utelezi ambao wakati wa masika uliwaangusha hata mbuzi. Wanawake waliteremka na vibuyu vitupu na kupanda na vibuyu vilivyojaa, wajawazito pamoja nao. Lakini huku huku juu, chini ya jiwe kubwa, kulikuwa na chemchemi. Maji yake yalitoka safi, yakapotea kwenye tope. Idara ilikuwa tayari kutoa saruji, bomba na fundi popote wananchi walipojitolea kazi ya mikono. Tatizo ni kwamba chemchemi ilikuwa ndani ya kibanja cha Mzee Bartholomayo, na Bartholomayo alikuwa amesema tangu zamani kwamba hapiti mtu.

"Mlikwenda kumwomba lini?" Klaudia aliuliza.

Theopista alifikiri. "Hakuna aliyekwenda. Wanaume ndio wanaozungumza naye, na wao hawabebi maji. Sisi tunabeba maji, na hatuzungumzi naye."

"Basi tutakwenda sisi."

"Nitakwenda mimi," alisema Theopista, na tayari sauti ilikuwa imepanda. "Nitamwambia yeye ni mchoyo, na baba yake alikuwa mchoyo, na..."

"Mae," alisema Klaudia, "hebu kwanza tujaribu hapa nyumbani."

Hapo ndipo ulipoanza mchezo ambao baadaye ulijulikana wilaya nzima. Alasiri moja wanawake walikusanyika uani kwa Theopista. Klaudia aliazima kofia ya Kagaruki na fimbo, akajibana mto tumboni, akaketi kwenye kigoda na kukoroma kama Bartholomayo. "Haya," alisema kwa sauti nzito, "mwataka nini kwangu?"

Theopista alipiga magoti kusalimu, kama ilivyo desturi, na akiwa bado amepiga magoti akasema, "Tunataka maji, wewe mchoyo!"

Klaudia alisimama, akavua kofia. "Mkutano umekwisha. Maji yamekwenda. Nani mwingine?"

Walijaribu mmoja mmoja. Mama yangu alipofika mbele ya ile kofia alisahau kila kitu akaanza kuulizia hali ya ng'ombe. Mwingine alilia kweli. Klaudia aliwasimamisha kila mara, akiuliza maswali, hasemi jibu: Umesikia alivyosema? Kwa nini amesema hivyo? Ungekuwa wewe ndiye mwenye kibanja, ungeogopa nini? Na juu ya magoti alisema neno ambalo mama yangu aliturudia mpaka tukalichoka: "Salamu ipigieni magoti. Hoja isimame."

Siku ya tatu au ya nne ya mchezo huo, Klaudia alichoka kuwa Bartholomayo. Akauliza nani atavaa kofia. Sauti ndogo ikatoka nyuma, kwa mwanamke aliyekuwa akisuka mkeka bila kusema neno tangu walipoanza.

"Nipeni mimi. Mimi namjua."

Alikuwa Celina, mke wa Bartholomayo mwenyewe. Hakuna aliyejua kama alikuja kusikiliza tu au kupeleka habari nyumbani. Alivaa kofia, akaketi, akakuna goti la kushoto, akajikunja kupiga chafya ambayo haikutoka, na wanawake walikufa kwa kicheko, maana alikuwa mume wake mtupu. Theopista alisalimu, akasimama, akaeleza mteremko, akaeleza wajawazito, kwa sauti ya kawaida safari hii. Alimaliza vizuri. Wote wakamgeukia Celina wasikie Bartholomayo atajibu nini.

Celina alitazama fimbo. Kisha akasema kwa ile sauti nzito ya mumewe, "Na njia mtaipitisha wapi? Mtapita juu ya baba yangu?"



Akavua kofia. "Baba yake amezikwa pale, na mama yake," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Kutoka barabarani kwenda kwenye jiwe, ukienda moja kwa moja unapita juu yao. Makaburi yenyewe yameshalala, mgeni hayaoni. Yeye husema anakataa kwa sababu ya mibuni. Lakini mimi ndiye ninayelala naye. Si mibuni."

Theopista alimtazama Celina, akamtazama Klaudia, na Klaudia hakumsaidia. Aliketi tu, akisubiri.

"Basi njia izunguke," Theopista alisema mwishowe, polepole. "Ipite mpakani, kwenye ile mimea ya milamula. Ni mbali kidogo."

"Ni mbali," alisema mama yangu, "lakini ni tambarare."

Jumapili baada ya misa walikwenda, wanawake kama kijiji kizima, wakaketi kwenye uwanja mbele ya nyumba ya Bartholomayo. Waume zao walikuja nyuma yao kuona kioja. Bartholomayo alitoka, kofia kichwani, fimbo mkononi, na mama yangu ilibidi aume ulimi asicheke, maana alikuwa sawasawa na Celina. Theopista alikwenda mbele akapiga magoti.

"Kamwene, waitu."

Kisha akasimama. Wanaume walinong'ona. Hawajapata kumwona mwanamke akisimama na kuzungumza na mwenye kibanja uani kwake.

"Tata Bartholomayo," alisema Theopista, "kabla hatujaomba kitu, tumekuja kutoa heshima kwa wazee wako waliolala humu. Watu wamekuwa wakisema tupite hapa, tupite pale, na hakuna aliyesema kwamba kibanja hiki kina wenyewe. Sisi tumesema njia isiwasogelee. Izunguke mpakani, kwenye milamula, na kwao sisi wenyewe tutapanda ua uliosimama vizuri, asikanyage hata mtoto."

Bartholomayo alivua kofia, akaishika kifuani.

"Mzee wangu," alisema, "alikuwa akisema maji yale yasinyimwe mtu. Mimi nilikuwa nayazuia kwa ajili yake, na yeye mwenyewe hakuyazuia."

Akaketi. Baadaye kidogo akainua kichwa. "Na mawe? Mtayapata wapi mawe ya kujengea? Mimi nina mawe."

Kazi ilichukua msimu mmoja wa kiangazi. Fundi alitoka Bukoba na saruji ya Idara. Wanawake walichimba, na wanaume waliokuja kutazama waliona haya kutazama wakaanza kubeba mawe ya Bartholomayo. Bartholomayo alisimamia ua wa makaburi yeye mwenyewe, akimfukuza kila aliyepanda mche upande. Siku bomba lilipofunguliwa, maji yalitoka kwanza na hewa, yakakohoa, yakatema tope, halafu yakaja meupe na kujaa kibuyu cha Celina, ambaye walikuwa wamekubaliana awe wa kwanza. Vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Kulikuwa na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kutosha kuogelea. Klaudia alicheza ngoma mpaka kiatu kimoja kikapotea, na hakikupatikana.

Mkuu wake wa kazi huko Bukoba aliitwa Bwana Muhidini, mtu wa pwani, mpole, ambaye baridi ya Bukoba ilikuwa haijamkubali na alivaa sweta mbili. Alimwita ofisini.

"Bibi Klaudia, naona hapa hukufundisha keki."

"Sikufundisha, bwana."

"Wala kufuma vitambaa."

"Wala hivyo."

"Umefundisha nini basi?"

Klaudia alimweleza habari ya kofia yote, akainuka mpaka akaigiza chafya. Muhidini alicheka akafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Sikiliza," alisema. "Chemchemi kama ile fundi yeyote ataijenga. Mimi nina vijiji vingi, na katika kila kijiji yupo Theopista mmoja ambaye watu wanasema ni mgomvi. Nitafutie hao. Uniletee hapa mjini, uwafundishe kama ulivyomfundisha yeye."

Ndivyo Klaudia alivyohamia mtaa wa Bilele mjini, kwanza chumba kimoja, na ndivyo alivyoolewa, kwa sababu dereva wa Land Rover aliyemzungusha vijijini, Privatus, alikuwa mtu wa kunyamaza, na baada ya kusikiliza siku kutwa sauti za watu, Klaudia aligundua kwamba hakuna mtu ambaye yeye alipenda kukaa karibu naye kama huyo. Mama yake Klaudia alisema ni Mungu. Clavery alisema ni gari.

Tatizo la mjini lilikuwa mahali. Wanawake walikuja kutoka Kamachumu, Nshamba na Rubya, watoto mgongoni, na hapakuwa na ukumbi wa kuwaweka bila kuomba kibali na kusubiri. Siku moja Klaudia alikuwa Miembeni ananunua kitambaa, akilalamika juu ya jambo hilo kwa Kiswahili, na mwenye duka, Anasuya, mke wa Mahendra, akamjibu kwa Kihaya. Alikuwa amezaliwa palepale nyuma ya duka, na Kihaya alikinywa kwa wakulima walioleta kahawa enzi za baba yake.

"Nyuma kuna ghala," alisema. "Magunia yamepungua. Fagieni wenyewe."

Walifagia. Siku ya kwanza Anasuya alikuwa akipita na chai, akasimama mlangoni. Siku ya pili aliketi. Siku ya tatu Klaudia alihitaji mtu wa kuwa ofisa wa wilaya asiyetaka kusikiliza, na Anasuya alisema anawajua hao vizuri, akavaa miwani ya mumewe na kuwazungusha wale wanawake, "njooni kesho, njooni wiki ijayo, faili halionekani," mpaka mmoja wa kutoka Nshamba akaketi chini mbele ya meza yake akasema haondoki, amekuja na chakula. Anasuya alivua miwani. "Huyu amefaulu," alisema. "Mimi huyu ningemsikiliza."

Klaudia alikuwa na kanuni moja ambayo iliwashangaza wengi. Kikundi kikisimama, yeye aliondoka. Hakukubali kuwa mweka hazina, hakukubali kuwa katibu, hakukubali hata kuketi mbele. Wakimwita aje kuamua ugomvi, alikuja, akaketi nyuma, akauliza, "Mwenyekiti wenu ni nani?" na kama walimnyooshea yeye kidole, alichukua baiskeli akaenda zake mpaka walipopata mwingine. Wengine walimwona ana majivuno.

Azimio la Arusha lilipokuja, na maneno ya ujamaa kufika mpaka kwenye misa ya Jumapili, kwetu, sehemu za Ihangiro, watu walisikiliza kwa uangalifu. Vibanja vyetu vina makaburi, hakuna wa kuvihama. Lakini wanawake wa Buganguzi walikuwa na mashamba yao madogo nje kwenye rweya, kule kwenye nyasi ambako tangu zamani kila mmoja alilima njugu mawe peke yake. Theopista alisema, mbona sisi hili tunaliweza? Wakayaunganisha. Walilima mstari mmoja, wakiimba, na Theopista akimrekebisha mwimbaji. Afisa aliyekuja kuwaeleza maana ya ujamaa aliwakuta wamekwisha palilia, wakampa jembe. Theopista akaingia katika halmashauri ya kijiji, mwanamke pekee kati ya wanaume, na mzee wa kwanza kumpigia kura alikuwa Bartholomayo.

Sasa nifike kwenye uchaguzi.

Katikati ya miaka ya sabini Muleba ilipata kuwa wilaya yake yenyewe, na wanawake wa wilaya mpya walihitaji mwenyekiti wa umoja wao. Miaka yote hiyo Klaudia alikuwa amekataa viti. Hiki alikitaka. Alikuwa ametembea kila njia ya wilaya ile, aliwafundisha karibu wote watakaopiga kura, na alikuwa na hamu ya kurudi nyumbani. Alimwambia Privatus, na Privatus akasema, "Vizuri," ambayo kwake ilikuwa hotuba.

Kabla hajatangaza, Theopista alifika Bilele kwa basi na mkungu wa ndizi. Alipewa chai. Hakuinywa.

"Mwalimu," alisema, "nimekuja uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu. Kiti cha wilaya, mimi nakiomba."

Klaudia aliweka kikombe chini. "Na mimi nakiomba."

"Nimesikia. Ndiyo maana nimekuja."

Nje kulikuwa na mtu anayekata kuni.

"Nani aliyekushauri?" Klaudia aliuliza, na Privatus, aliyekuwa chumba cha pili, alisema baadaye kwamba sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyopata kuisikia.

"Wewe," alisema Theopista. "Ulisema mtu akiona kazi anaiweza, asingoje kuitwa."

"Nilisema."

"Ungependa nijitoe?"

Klaudia alisema baadaye kwamba hilo ndilo swali gumu kuliko yote aliyowahi kuulizwa, maana jibu la moyo lilikuwa ndiyo. "Hapana, mae," alisema. "Ukijitoa nitakuwa nimefundisha bure. Ila sitakuachia."

"Usiniachie," alisema Theopista, na ndipo alipokunywa chai.

Mkutano ulifanyika Muleba, uwanjani, viti vimeazimwa shuleni na kanisani. Akina mama walikuja kwa malori na kwa miguu. Familia nyingi za Kihindi zilikuwa zimefunga maduka na kuondoka miaka hiyo, lakini Anasuya alikuwa bado yupo, akaja na sinia la ladu akaketi mbele kama mzee wa kaya. Klaudia alizungumza kwanza, na mama yangu anasema hakupata kumsikia akizungumza vizuri vile. Alieleza atakayoyafanya, zahanati, chekechea, barabara ya kufikisha mama mjamzito hospitali ya Rubya. Alishangiliwa sana.

Theopista alisimama. Wengi wa kutoka mbali walikuwa hawajamwona.

"Klaudia ni mwalimu wangu," alisema. "Yote aliyoyasema ni kweli, na ninayakubali yote. Nina neno moja tu. Yeye anakaa Bilele. Maji yake yako kwenye bomba nyumbani. Taabu zetu anazijua kwa kuwa anatupenda. Mimi nazijua kwa kuwa leo asubuhi nilizibeba. Mtu anayetupenda ni mwema kuwa naye. Lakini kiti mpeni anayebeba."

Watu wote walimtazama Klaudia. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakitikisika, na waliokuwa karibu walidhani analia. Alipoinua uso, alikuwa anacheka. Alipiga makofi, peke yake kwanza, kwa nguvu, kama mwalimu ambaye mwanafunzi amepatia hesabu ngumu.

Walichagua kwa kupanga mistari, kila mmoja nyuma ya amtakaye. Celina alikwenda kwa Theopista moja kwa moja. Mama yangu alisimama katikati akishindwa kuamua mpaka akasukumwa na wanaoharakisha, na hata leo hakumbuki alisukumwa upande gani. Haikuwa lazima kuhesabu. Mstari wa Theopista ulizunguka uwanja.

Klaudia aliumia. Alimwambia mama yangu hivyo waziwazi, aliumia kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Halafu akatazama mstari ule: wanawake ambao miaka kumi na zaidi nyuma waliitikia "Ndiyo, waitu" kwa keki, sasa wamesikiliza watu wawili, wamepima, na wamemkatalia yeye usoni, bila woga. Akaacha mstari wake mwenyewe, akavuka uwanja akaenda kusimama nyuma kabisa ya mstari wa Theopista, na walioona wakaanza kupiga vigelegele, na ngoma ikaingia kabla mwenye mkutano hajatangaza matokeo.

Theopista alipopewa nafasi ya kushukuru, alisema kazi ya kwanza ameshaigawa. "Mwalimu Klaudia, wewe nakutuma. Nenda huko Kamachumu, nenda Nshamba, nitafutie atakayenishinda mimi mara ijayo."

"Nitampata mapema," alijibu Klaudia kutoka nyuma. "Jiandae."

Ndipo mvua ikaja, ile mvua ya kwetu isiyobisha hodi. Viti vilikuwa vya kuazima. Akina mama walivibeba kichwani, kila mmoja chake, wakakimbia kuelekea shuleni huku wakipiga kelele na kuteleza, ladu za Anasuya zimefunikwa kwa kanga ya mtu, na Mwenyekiti mpya wa wilaya anakimbia mbele yao, viti viwili kichwani, akiwaelekeza kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti wapite upande usio na tope.